Jicho la Kushoto la Zuhura

Kama mwanao anaandika huku pua yake inakaribia kugusa daftari, na wewe kila siku unamwambia akae vizuri, acha hiyo kazi unayofanya usome haya mpaka mwisho. Siyaandiki kwa upole. Nimechoka na watu wanaoniambia yaliyopita yamepita. Yamepita kwao. Mimi kila asubuhi ninamfunga binti yangu kamba ya miwani nyuma ya kichwa, na kila asubuhi ninakumbuka nilichokifanya.

Mimi ni muuza vitenge sokoni hapa Butembo. Mume wangu, Baba Zuhura, ana lori aina ya Fuso na hubeba maharagwe na viazi kutoka Kirumba. Tuna watoto watatu, na Zuhura ndiye wa kwanza. Ni mrefu kama baba yake, na urefu huo ndio uliomponza, kwa sababu shuleni kwake watoto hupangwa kwa kimo: wafupi mbele, warefu nyuma. Tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi alikaa benchi la mwisho, na ubao kwake ulikuwa kitu cheusi kilichoko huko mbele.

Sisi hatukulijua hilo. Tulijua daftari zake tu, na daftari zake zilikuwa aibu. Alianza sentensi kwenye mstari akaimalizia angani. Nusu ya masomo hakuyanakili kabisa. Mwalimu alikuwa anaandika kwa wino mwekundu, kwa Kifaransa, kwamba mtoto ni mvivu na akili yake inatembea. Nikishasoma maneno hayo nilimwita Zuhura na kumchapa. Sitapamba. Nilimchapa kwa mwiko, kwa kandambili, na siku moja kwa kamba ninayofungia vitenge.

Nilijipa haki kwa sababu ya madrasa. Jioni alikwenda kusoma Kurani, na huko alikuwa nyota. Mwalimu wa madrasa, mzee mpole ambaye watu wote wa mtaani tunamwita Maalimu, alikuwa akisoma sura mara mbili, mara tatu, watoto wakiitikia kwa pamoja, na kabla ya wengine kuipata katikati Zuhura alikuwa ameimaliza. Maalimu alinisimamisha njiani akanisifu.

"Mama Zuhura, huyu mutoto Mungu alimupatia kichwa. Mi sijaonaka kama huyu."

Basi nikapiga hesabu yangu ya kijinga. Kichwa anacho. Kama madrasa anaweza na shuleni hawezi, basi shuleni hataki. Mtu asiyetaka hutakishwa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa peke yangu mjini.

Zuhura alipokuwa mwaka wa pili, akiwa na miaka saba, waliletwa wauguzi kupima macho ya wanafunzi wote. Walianza na madarasa makubwa, na karatasi yao ya herufi, ile yenye herufi kubwa juu na ndogo ndogo chini, waliibandika kwenye ukuta wa nje, karibu na ofisi ya mkuu wa shule, ili wapate mwanga. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kulipa deni la sare. Nikakuta akina mama wanne wamesimama mbele ya karatasi na kalamu mikononi.

Watu wa kwingine watacheka. Wacheke. Kwetu, mgeni akija shuleni na karatasi, akamwita mtoto kwa jina, akamuuliza, kisha akaandika jibu, huo ni mtihani. Na mtihani ukibandikwa ukutani siku moja kabla, mzazi asiyeunakili ndiye mzazi mbaya. Niliomba kalamu. Sikuwa na karatasi, nikaandika kwenye boksi la sabuni.

"Mama Zuhura, mustari ya tatu ile ni F ao ni P?" jirani yangu akauliza.

"Ni F. Andika mbio, bauguzi banarudia hapa."

Tulisaidiana vizuri sana. Laiti kungekuwa na cheti cha ujinga, tungepewa wote watano siku hiyo.

Lazima niseme nilichokuwa ninakitafuta, maana watu huniuliza. Sikuficha ugonjwa. Sikujua kama upo. Nilitaka karatasi moja tu ambayo mwanangu amefaulu. Miaka miwili nilikuwa ninatia sahihi mabaya. Nilitaka hata macho yake yapate maksi.

Mchana ule nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamsimamisha Zuhura pembeni ya kinu, nikamwimbisha herufi mstari kwa mstari, kwa mwendo wa mchi.

"Rudilia."

Akarudia. Mara ya tatu hakukosa hata moja. Nikamwambia kesho atafunikwa jicho la kushoto, kisha la kulia, asiogope, aimbe vilevile. Kesho yake akaenda, akaimba. Muuguzi alikuwa amechoka na foleni ya watoto mia na kitu, akawa anashusha kijiti tu kutoka juu hadi chini. Akamwambia vizuri sana binti yangu. Akamwandikia karatasi yenye muhuri: macho yote mawili mazuri. Nilimnunulia andazi. Karatasi niliibandika sebuleni, chini ya kalenda.

Hapo jicho la kushoto la Zuhura lilikuwa bado linaweza kuokolewa. Ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Ningekaa kimya tu, nikatwanga sombe yangu, lingeokolewa.

Miaka miwili na zaidi ikapita. Kurudia darasa moja, viboko vya pande mbili, nyumbani na shuleni, maumivu ya kichwa ambayo tuliyaita malaria. Kila alipoanza kulalamika kwamba macho yanawasha nilimwonyesha karatasi chini ya kalenda. Nilimwambia serikali yenyewe imesema macho yako ni mazuri.

Kiangazi cha mwaka wake wa nne shuleni tulimpeleka Beni kwa mdogo wangu Habiba, anayekaa Mulekera na kuuza chai na maandazi mbele ya nyumba. Hakumaliza wiki. Habiba, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, alinipigia simu nikiwa sokoni.

"Yaya, huyu mutoto haone."

"Anaona sana. Banamupima ku masomo."

"Banamupima nini? Namutuma amwangie muteja chai, anamwanga pembeni ya kikombe. Mara tatu! Muteja ya mwisho amemwangia ku mapaja. Na pikipiki ikitoka upande wa kushoto hapana anashituka. Nimemufunika jicho ya kuume na mukono, nikamuuliza vidole ngapi."

"Akasema nini?"

"Akasema, mama mudogo, vidole ya nani?"

Nilimwambia Habiba kwamba mtoto anacheza. Hilo nalo nililisema. Nilikata simu, nikapima mita sita za kitenge nikazikata tano, mteja akanifokea. Kesho yake Baba Zuhura alikwenda kumchukua.

Hospitali ya macho tuliyokwenda sitaitaja, haina kosa. Daktari wake, mwanamke wa umri wangu, alikuwa anahudumia miji miwili, na siku akiwepo Butembo watu walifika tangu alfajiri. Chumba cha kungojea kina mabenchi matano ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya watu. Kuna wazee waliofungwa pamba jicho moja, wanaongozwa na wajukuu. Kuna watoto wachache sana, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi ya harufu ya dawa. Muuguzi alipita akamtia Zuhura matone. Macho yake yakawa meusi yote, kama ya paka jikoni, na mwanga wa mlangoni ukawa unamchoma. Nikamfunika kichwa kwa kitenge changu. Mama mmoja aliyetoka upande wa Mabalako, ambaye alikuwa amelala njiani ili afike, akakata ndizi yake ya kuchoma katikati akamwekea Zuhura mkononi bila kuuliza jina. Nilimshukuru vibaya, kwa kichwa tu. Nilikuwa ninaogopa nikifungua mdomo nitalia.

Tuliingia watatu. Daktari alimkagua muda mrefu, akimbadilishia vioo mbele ya macho, akiuliza taratibu. Kisha akazima taa yake ndogo.

"Jicho ya kuume iko mubaya, lakini na miwani itafanya kazi," alisema. "Hii ya kushoto njo inaniumiza. Kichwa ilishaiacha, hapana inaitumia. Mutoto akiwa mudogo tunafunikaka ile nzuri, ile ya uvivu inajifunza. Mbele ya miaka saba, nane, tunapataka sana. Huyu iko na miaka kenda na nusu. Tutajaribu. Sitawadanganya. Juu ya nini mumechelewa?"

Baba Zuhura ni mtu wa karatasi. Anatunza risiti za matairi ya zamani. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa ile karatasi yenye muhuri, ameibandua ukutani asubuhi ile bila kuniambia.

"Docteur, pardon, hatukuchelewa. Mutoto banamupimaka ku masomo. Angalia. Macho yote mbili, bon. Donc hii ugonjwa ilikuya nyuma ya ile kipimo."

Daktari akaisoma, akashangaa. Akasema kwa jicho la namna hii haiwezekani. Akaanza kusema labda wauguzi walikosea jina. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafikiri: ndiyo, walikosea jina, tuachie hapo.

Zuhura akasema kutoka ndani ya kitenge, "Baba, mi hapana onaka ile siku. Nilishikaka mu kichwa. Mama njo alinifundisha."

Alisema mimi ndiye niliyemfundisha, lakini hakusema kwa kunishitaki. Alikuwa anamsaidia daktari tu, kama mtoto aliyefundishwa kujibu wakubwa. Daktari aliweka karatasi chini. Baba Zuhura akanitazama, na katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hajawahi kunitazama vile, hata siku duka letu la zamani lilipoungua.

Nje alinunua maji ya chupa, akampa mtoto. Mimi hakuninunulia.

Baada ya hapo nyumba yetu iliendeshwa kwa wakalimani. Baba Zuhura hakunipiga, hakunitukana, alinifuta tu. "Zuhura, ambia mama yako nakwenda Kirumba." "Zuhura, uliza mama yako chumvi." Mtoto akizunguka na ujumbe kati ya watu wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko, anakaa nasi, naye alishika upande wa tatu: alikataa ugonjwa wenyewe.

"Miwani inakulaka macho," alisema. "Mi na uzee hii sijaivalaka."

Kweli hajawahi kuvaa. Kila akitaka kutia uzi kwenye sindano anawaita watoto wa jirani.

Vioo vya Zuhura havikupatikana mjini, vilikuwa vizito mno. Vikaagizwa Kampala, vipitie mpakani Kasindi. Kisha barabara ya Kasindi ikawa haipitiki, magari yakasimama kwa kuogopa waasi. Tuliviagiza watu wakipanda maharagwe. Vilifika maharagwe yakiwa kwenye magunia. Daktari alikuwa ameshasema kila mwezi una maana, kwa hiyo kila mwezi niliuhesabu. Nilikwenda kwenye duka la wakala karibu kila siku, hadi msichana wa pale akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijavuka barabara.

Siku vilipofika tulimvisha hapohapo dukani. Nilikuwa nimewasikia watu wakisimulia siku kama hizo, mtoto anacheka, mama analia kwa furaha. Zuhura alitazama huku na huku, akasoma bango la ng'ambo kwa sauti, akasoma namba ya pikipiki. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Mama, kumbe uso yako iko na hasira. Mi nilizania ni sauti tu."

Msichana wa dukani akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Miwani ilikuwa ni ya jicho la kulia. Kazi ya kushoto ilianza na kitambaa. Kila siku, saa sita kwa siku, tulimziba jicho zuri kwa pamba na plasta, ili lile lililoachwa lilazimike. Hakuna aliyeniambia jinsi inavyofanana na kumtesa mtoto. Ukimziba anakuwa kipofu mbele yako. Alitembea mkono ukutani. Alimwaga uji. Plasta ilimchubua ngozi, ikaacha alama ya pinki kuzunguka jicho, na jioni nilipoibandua alikuwa anashika mkono wangu ili iende polepole. Watoto wa shule walimwita Borgne, yaani chongo, na baada ya wiki moja hata walimu walianza kusahau jina lake.

Mwalimu wake nilimpelekea barua ya daktari mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. "Ah bon," alisema, yaani kumbe. Akamhamishia benchi la mbele. Miaka minne ya wino mwekundu, na nilichopewa ni hilo neno.

Maalimu alikuwa mwingine kabisa. Aliposikia, alimwita Zuhura mbele yangu, akafungua msahafu, akaweka kidole katikati ya ukurasa na kumwambia asome kuanzia hapo. Zuhura akaomba aruhusiwe kuanza mwanzo wa sura, na alipoanza mwanzo ilitiririka yote. Maalimu akajaribu ukurasa mwingine, ikawa vilevile. Mtoto aliyemsifia mtaa mzima alikuwa hajui kusoma. Mzee akafunga msahafu, akauweka juu ya mto, akavua kofia yake.

"Mama Zuhura, tusameheane. Sisi bote tulikuwa tunamusikiliza. Hakuna mutu alimuangalia."

Tangu siku hiyo alimwandikia herufi kubwa kwa mkaa kwenye ubao wake wa mkononi, moja moja, kama mtoto wa miaka minne. Saa ya kitambaa alimfanya mkuu wa kuanzisha visomo, ili wenzake wamfuate badala ya kumcheka. Nikiulizwa ni nani alinisaidia mwaka ule, ninataja mzee huyu kabla ya ndugu zangu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokwisha, jicho lilikuwa limesogea. Kidogo, mstari mmoja kwenye karatasi ya daktari, lakini limesogea. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kusema na mtu, na hakukuwa na wa kumwambia isipokuwa Zuhura mwenyewe. Kipimo kilichofuata halikusogea. Kilichofuata tena, halikusogea. Daktari akaniuliza kama tunafunika saa zote sita. Nikaapa.

Siku moja sokoni kulikuwa na vurugu za polisi na wauzaji, tukafunga meza mapema, nikafika nyumbani saa saba mchana. Zuhura alikuwa uani anaruka kamba, macho yote wazi. Plasta ilikuwa imebandikwa kwenye ndoo, tayari kurudishwa kabla sijarudi. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mboga.

"Mutoto alikuwa analia," akasema. "Nilimutolea apumue kidogo. Kila siku kidogo tu."

Kila siku. Miezi mitatu ya kila siku. Sikumbuki yote niliyoyasema. Najua nilimpigia kelele mama mkwe wangu uani, majirani wakisikia, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi hata akiwa na homa ya kichwa. Nilimwambia amemuua mtoto jicho. Koko akaacha mboga zikaanguka. Zuhura alikuwa anasema kwamba ni yeye aliyeomba, ni yeye aliyeomba, na hakuna aliyemsikiliza.

Baba Zuhura alikuwa mlangoni. Lori lilikuwa bovu siku hiyo. Na hapo, baada ya miezi yote ya wakalimani, alisema nami moja kwa moja.

"Usikemee mama yangu. Yeye alitoa kitambaa. Jicho, wewe njo uliitoa."

Niliokota mboga. Wengi mtataka nieleze kwamba alikosea, kwamba hasira ilimpeleka mbali. Hakukosea. Ila nilikuwa na wazo moja ambalo sikulisema: na yeye aliishi na mtoto huyo miaka tisa, akala naye, akampakia kwenye lori. Mbona naye hakuona?

Nafikiri naye alilifikia wazo hilo mwenyewe. Jumapili iliyofuata hakwenda Kirumba. Alimimina maharagwe mekundu na meupe kwenye sinia moja, akamziba Zuhura jicho la kulia kwa plasta, kwa mikono yake mikubwa ya grisi, na akakaa naye kuyachambua kwa rangi, moja moja. Daktari alikuwa amesema kazi za karibu zinalisaidia jicho. Jumapili ya pili hivyohivyo. Jumapili ya tatu alisogeza mkeka na kusema bila kunitazama, "Mama Zuhura, kaa, maharagi ni mengi." Nikakaa. Koko naye akaja na kigoda chake, akadai kwamba sisi hatuoni vizuri na tunachanganya, na akawa anachanganya kuliko sote.

Msimu wote wa mvua za pili tulichambua. Nilifunika saa sita, nikafunika saba, nikajaribu nane mpaka daktari akanikataza. Nilifunga meza yangu mchana ili nikae naye. Nilitaka jicho lile kwa nguvu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Hata mistari miwili tu nisingeidharau.

Niseme sasa la kufanya, kabla sijamaliza, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto akifika miaka minne, mitano, mfunike jicho moja, kisha lingine, umwonyeshe kitu cha mbali ambacho hakukitazamia: kuku yupi, nguo ya rangi gani kwenye kamba. Akianza kugeuza kichwa, au kukuondoa mkono kwenye jicho moja na siyo lingine, mpeleke. Asiyenakili ubaoni, mwondoe nyuma kabla hujamwita mvivu. Miwani haili macho. Kitambaa kikiamriwa, kikae, hata analia, hata bibi analia, hata wewe. Na akipimwa, umwache ashindwe. Mwache ashindwe vizuri kabisa mbele ya muuguzi, herufi zote. Hakuna atakachokupa siku hiyo chenye thamani kuliko kushindwa huko. Wadogo wa Zuhura niliwapeleka wote wawili, nikabaki mlangoni na mdomo nimeuziba kwa kitenge. Wanaona vizuri.

Kiangazi kilirudi, mwaka mzima tangu Habiba apige simu. Tukakaa kwenye mabenchi yaleyale. Zuhura alikuwa amefika miaka kumi na nusu, amerefuka tena, mguu wake ulikuwa unagusa benchi la mbele. Alipimwa. Daktari akaandika, akavua miwani yake mwenyewe akayasugua macho, akaniambia kwa Kifaransa ili mtoto asielewe. Jicho la kushoto limesimama. Ule mstari mmoja limeushika, lakini zaidi ya hapo haliendi. Kuendelea kumfunika ni kumnyima shule bure. Sasa kazi yetu ni kulilinda la kulia, kwa sababu ndilo analo. Nikajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kisha akamgeukia Zuhura na kumwambia kwa Kiswahili kwamba kitambaa kimekwisha.

"Kimeisha kabisa?" Zuhura akauliza.

"Kabisa."

Aliruka kutoka kwenye kiti. Alimshika daktari mkono kwa mikono miwili kama mtu mzima, akashukuru. Njiani aliimba juu ya pikipiki. Nyumbani alimkimbilia Koko akapiga kelele kwamba amepona, na Koko akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Tulipika pilau. Baba Zuhura alinitazama kutoka upande wa pili wa sinia, na nikamtikisia kichwa kidogo, na akaelewa, akainamisha uso akaendelea kula. Hatukumwambia mtu. Tulimwacha mtoto na furaha yake siku ile, na ya pili, na wiki ikaisha.

Lakini mimi nilikuwa nimeshamfanya mtoto huyu aamini karatasi ya uongo mara moja. Siku ya nane nilimkuta kizingitini anafanya kazi ya shule. Nikakaa chini karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Zuhura, ile siku ya docteur... jicho ya kushoto hapana ilipona. Tuliacha kufunika juu ilishindikana. Nilipashwa kukuambia ile siku."

Alikuwa ameshika kalamu. Hakushtuka.

"Najua, Mama," akasema. "Mi njo naangaliaka nayo."

"Na ile kuruka yote? Na kuimba?"

Akaigeuza daftari ukurasa mpya, akaunyoosha kwa kiganja.

"Ulikuwa unaniangalia sana," akasema. "Nilitaka uache kulia."